Laptopu ya mtumba kwa kazi za shamba: kagua haya kabla hujatoa pesa



Kila msimu wa karafuu ukimalizika, au mtu akishauza mavuno yake ya kwanza ya maana ya tungule, swali hili huja: "Bwana shamba, nataka laptopu. Nichukue ipi?" Leo nalijibu kwa kirefu, kwa sababu pesa yenyewe si ya mchezo. Kwa kijana anayelima robo eka ya tungule au anayefuga kuku mia mbili, bei ya laptopu inaweza kuwa ndiyo pesa ya mbegu, mbolea na dawa za msimu mzima. Ukinunua mashine mbovu, huna laptopu na huna msimu.

Jibu fupi ni hili: laptopu ya mtumba yenye umri wa miaka sita, saba, inatosha kabisa kwa kazi za shamba. Huhitaji mpya. Lakini inunue kama unavyonunua ng'ombe. Hununui ng'ombe kwa rangi. Unamfungua mdomo ukaangalia meno, unamtembeza, unamshika kiwele. Laptopu nayo ina meno yake. Twende moja moja.

Daftari kwanza

Laptopu haimfundishi mtu kuweka kumbukumbu. Kama leo hujui mwezi uliopita umeuza kilo ngapi na umetumia kiasi gani, mashine haitakwambia, kwa sababu hakuna aliyeiambia. Kwa hiyo sharti langu la kwanza halihusu kompyuta: weka daftari miezi mitatu mfululizo. Tarehe, kilichotoka, kilichoingia, nani anakudai, nani unamdai. Daftari ni bei ya soda chache.

Baada ya miezi mitatu, mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, daftari limekushinda wiki ya pili. Basi pesa yako iache kwenye mbegu, laptopu itakushinda vilevile. La pili, daftari limejaa na limeanza kukuzidi: unajumlisha usiku kucha, unakosea, mteja anataka ankara iliyopigwa chapa, benki au ZEEA wanataka andiko la biashara yako ndipo wafikirie mkopo. Hapo umefika.

Chukua mfano wa karafuu. Una wachumaji ishirini, kila mmoja ana pishi zake kila siku, wengine wameshachukua pesa ya mbele, mmoja hakuja Jumanne. Kwenye karatasi, siku ya malipo ni ugomvi. Kwenye jedwali la kompyuta unaandika pishi tu, hesabu inajijumlisha na pesa ya mbele inajitoa. Kila mtu anaonyeshwa mstari wake, anaondoka na haki yake. Kazi kama hii simu inaifanya kwa tabu. Lakini kuuliza bei, kutuma picha ya jani lenye ugonjwa, kupokea malipo, hayo simu yako inayamaliza. Usinunue laptopu kwa ajili ya hayo.

Mitumba hii inatoka wapi

Laptopu nyingi nzuri za mtumba zilikuwa za maofisini Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Makampuni makubwa hubadilisha mashine baada ya miaka mitatu hadi mitano, hata kama bado zinafanya kazi. Wafanyabiashara huzinunua kwa jumla, nyingi hupita Dubai, kisha hufika Kariakoo na Darajani, na baadaye Chake Chake na Wete.

Hii ni habari njema kwetu. Laptopu za ofisi zimetengenezwa kwa kazi za kila siku: bawaba imara, kibodi kigumu, na fundi anaweza kuifungua akabadilisha kitu. Majina utakayokutana nayo sana ni matatu: Lenovo ThinkPad, Dell Latitude na HP EliteBook. Ukipewa uchaguzi kati ya moja ya hizi yenye mikwaruzo na laptopu nyengine ya plastiki laini inayong'aa kwa bei ileile, chukua yenye mikwaruzo. Mkwaruzo hauli umeme.

Meno ya laptopu: namba ya prosesa

Muuzaji atakwambia, "Chukua ndugu yangu, hii i7 hii!" Wewe usishtuke. i3, i5 na i7 peke yake haikwambii umri. Umri uko kwenye namba inayofuata. Ukiona i5-8250U, ile 8 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha nane. i5-6300U ni kizazi cha sita. i5-10210U ni cha kumi. Ukiona namba tatu tu, kama i5-520M, hiyo ni ya kizazi cha kwanza, ya zama za 2010. Iache hapohapo.

Ndiyo maana i7 ya kizazi cha tatu inaweza kuachwa nyuma na i5 ya kizazi cha nane. Ni sawa na kuuziwa jogoo mzee kwa bei ya jogoo kwa sababu tu ana mkia mrefu.

Kwa nini nasisitiza kizazi cha nane? Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashine yenye Windows 10 bado inawaka na inafanya kazi, lakini haipati tena marekebisho ya usalama kama zamani. Windows 11 inayofuata inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Kwa zile za AMD Ryzen, ukianzia na namba za 3000 uko salama.

Sasa angalia mtego. Kuna mashine za kizazi cha nne au cha tano zimewekwa Windows 11 kwa njia za mzunguko. Inawaka, inapendeza, lakini Microsoft haitoi hakikisho kwamba itaendelea kupata marekebisho. Kwa hiyo usiangalie picha iliyoko kwenye kioo, angalia namba ya prosesa. Ingia Settings, kisha System, kisha About. Iko pale.

Mashine za kizazi cha nane zinazopatikana kwenye mitumba ni kama ThinkPad T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5. Ziandike kwenye simu yako.

Na kama pesa haifiki? Mashine ya kizazi cha sita au cha saba bado ina maisha, kwa sharti moja: mwambie fundi akuwekee Linux Mint. Ni mfumo wa bure, unapata marekebisho ya usalama, na unakuja na LibreOffice inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word na Excel. Utachukua wiki moja kuzoea. Kwa jedwali, barua, ankara na intaneti hutakosa kitu. Celeron na Pentium za zamani, hata ukiuziwa rahisi vipi, zipishe.

RAM na diski

RAM ni kama meza ya kufanyia kazi. Ikiwa ndogo, kila ukifungua kitu kipya inabidi kingine kiondoshwe. GB 4 ni mateso siku hizi. Tafuta GB 8. Uliza pia kama RAM inaweza kuongezwa, kwani baadhi ya laptopu nyembamba, kwa mfano ThinkPad X280, RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozikwa nayo.

Diski ni ghala. Kuna ya zamani inayozunguka, HDD, na kuna SSD isiyo na kitu kinachozunguka. Tofauti yake utaiona kwa macho: yenye HDD unaiwasha, unakwenda kupika chai, unarudi bado inazunguka. Yenye SSD iko tayari ndani ya dakika moja. Tena HDD haipendi mtikisiko, na sisi laptopu tunaipakia kwenye gari ya shamba. SSD ya GB 256 inatosha. Kuhakikisha, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance. Pale kwenye Disk itaandika SSD au HDD.

Betri, na umeme wetu

Tangu 2010 Pemba tunapata umeme kwa kebo ya chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Hali imebadilika sana, lakini umeme bado unakatika, na kuna mashamba mengi ambako nguzo haijafika. Kwa hiyo betri kwetu ni nusu ya mashine.

Usiamini muuzaji akisema "inakaa masaa manne". Laptopu yenye Windows inaweza kusema ukweli wenyewe. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika powercfg /batteryreport kisha Enter. Itakwambia ripoti imehifadhiwa wapi; ifungue. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY ni uwezo betri ilipokuwa mpya, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wa leo. Ikiwa ilikuwa 48,000 na leo ni 36,000, imebaki robo tatu, hiyo nzuri. Ikiwa leo ni 19,000, imebaki asilimia 40 hivi; hapo aidha anakupunguzia bei ya betri mpya, au unamshukuru unakwenda duka jengine.

ThinkPad T480 ina faida moja kwa mtu wa shamba: ina betri mbili, moja ndani na moja ya nje inayochomolewa. Unaweza kubadilisha ile ya nje bila kuzima mashine.

Betri iliyovimba usiichukue kabisa. Dalili zake: sehemu ya kusugua kidole imeinuka, au laptopu ukiiweka mezani inayumba. Inaweza kushika moto.

Dakika ishirini dukani

Mwambie mwenye duka kwa heshima: "Samahani kaka, naomba nikae nayo dakika ishirini." Muuzaji mwenye mali safi hatakataa. Akikukimbiza, umeshapata jibu.

1. Izime kabisa, uiwashe mwenyewe. Sikiliza. Mlio wa feni unaokwaruza ni gharama inayokuja.
2. Fungua ukurasa mtupu, ubonyeze kila kitufe kimoja kimoja. Angalia pia mpangilio wa herufi. Laptopu zilizotoka Ufaransa herufi zake zimeanza na AZERTY badala ya QWERTY. Utakosea kila siku.
3. Weka picha nyeupe ijae kioo. Tafuta madoa, mistari na kingo zilizofifia. Kisha funga na fungua kifuniko taratibu. Kioo kikizimika kwenye pembe fulani, waya umechoka.
4. Nenda na fleshi yako. Ijaribu kwenye kila tundu la USB.
5. Washa intaneti ya simu yako, uunganishe laptopu. Fungua ukurasa wowote, piga video fupi usikie spika.
6. Chomeka chaja, utikise waya kidogo pale unapoingia. Ikikata na kurudi, tundu limelegea. Hakikisha chaja ni ya kampuni husika na wati zake zinalingana; nyingi za ofisi ni wati 45 au 65.
7. Iache ikifanya kazi muda wote huo, kisha gusa chini. Joto la kawaida sawa. Ikiwa huwezi kuiweka mapajani, feni au vumbi la ndani lina matatizo.

Mashine yenye kufuli

Kwa sababu zilikuwa za makampuni, nyengine zinauzwa na kufuli la mwenyewe wa zamani. Zima, washa, kisha bonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, au F10 kwa HP ili uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikikuomba neno la siri na muuzaji halijui, iache. Siku Windows ikiharibika, fundi atakwama palepale.

Kisha ingia Settings, Accounts, halafu Access work or school. Pawe patupu. Ukikuta jina la kampuni au skuli, mashine ile bado ina mwenyewe, na anaweza kuifunga akiwa mbali. Kwenye System, angalia Activation. Iseme kwamba Windows imeidhinishwa.

Dai risiti iliyoandikwa jina la mashine na namba yake ya utambulisho iliyoko chini, maarufu kama serial number. Linganisha namba kwa macho yako. Risiti hiyo ndiyo dhamana yako, na ndiyo kinga yako ikigundulika baadaye kwamba mali ile iliibwa. Mali inayouzwa barabarani bila risiti, bei yake rahisi ina sababu.

Na kununua kwa picha za WhatsApp kutoka Dar es Salaam au Unguja? Mashine ikifika Mkoani mbovu, nauli ya kuirudisha ni yako na dhamana ya siku saba imeshaliwa na safari. Mtume ndugu anayejua akaikague kwa orodha hii, au subiri uende mwenyewe. Tafadhali usitume pesa yote kwanza.

Hesabu ya kweli

Namba hizi ni za mfano, si bei za soko. Tuseme kuna laptopu mbili. Ya kwanza shilingi 300,000, ina HDD na betri imekufa. Ya pili shilingi 450,000, ina SSD na betri ya robo tatu. Wengi tunakimbilia ya kwanza. Sasa ongeza: SSD 70,000, betri 80,000, fundi 20,000. Imefika 470,000, na bado ni ya kizazi cha zamani. Rahisi imekuwa ghali.

Hesabu ya pili. Gawa 450,000 kwa miezi 36 unayotarajia kuitumia: ni 12,500 kwa mwezi. Jiulize, je, itaniletea zaidi ya 12,500 kila mwezi? Deni moja la mteja lililokuwa likisahaulika, tenga moja la tungule lililokuwa halihesabiwi, mchumaji mmoja aliyekuwa akilipwa mara mbili, hapo imeshajilipa. Ikiwa jibu ni hapana, subiri msimu mwengine. Hakuna aibu. Na pesa ya pembejeo isiguswe: laptopu inunuliwe kwa faida ya msimu uliopita, si kwa mtaji wa msimu unaokuja.

Ikishafika nyumbani

Adui wake kisiwani ni watatu. Wa kwanza ni unyevu na chumvi, khasa kwa walioko karibu na pwani na wakulima wa mwani. Usiiweke dirishani, usiifungie ndani ya mfuko ikiwa na majimaji. Itumie mara kwa mara, maana mashine iliyolala masika nzima bila kuwashwa hupata kutu ndani. Usiiweke chumba kimoja na karafuu zinazokaushwa, mbolea au dawa.

Wa pili ni umeme unaorudi kwa nguvu. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

Wa tatu ni programu za wizi. Usikubali kuwekewa Office iliyovunjwa kufuli. Mara nyingi ndani yake huja virusi. LibreOffice ni ya bure, kwenye Windows pia.

Mwisho, kumbukumbu ziishi mahala pawili. Kila Ijumaa nakili mafaili yako kwenye fleshi, na ukipata bando, yapandishe Google Drive, ambako unapewa GB 15 bure. Laptopu ikiibwa unanunua nyengine. Kumbukumbu za misimu mitatu haziuzwi dukani, na hizo ndizo benki watakazotaka kuziona.

Kwa wiki hii kazi ni moja tu: chukua daftari, piga mistari mitano, uandike mauzo ya leo. Mwenye daftari la miezi mitatu tayari, alilete ofisini tulitazame pamoja, nikuonyeshe jedwali lake linavyopangwa. Kheri ya msimu.